Karatasi ya Kadhi yasema mume wangu "ameomba dua nne"

Assalam aleikum Ami,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Majengo, ndoa yangu ina miaka kumi na saba. Alfajiri nauza mahamri na mbaazi hapa mlangoni. Mume wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, akitoka bandarini hadi Malaba na kuvuka.

Mfungo Mosi, siku ya tano baada ya Idi, alikuwa njiani. Nikapata ujumbe kwenye simu: "Nimekuacha. Talaka moja. Mengine atakuja kaka akwambie." Nalidhani ni hasira za njiani. Lakini aliporudi Mombasa hakuja nyumbani, alikwenda kulala kwa kaka yake Mtopanga, na huko ndiko aliko hadi leo. Tangu siku ile nimeona siku zangu mara mbili.

Jumatatu iliyopita akaja kijana na karatasi za Mahakama ya Kadhi, akasema nitie sahihi kuwa nimezipokea. Nikatia. Ami, zimeandikwa Kiingereza mwanzo mwisho! Mimi niliishia darasa la nane. Mwanangu mkubwa yuko kidato cha tatu, ndiye aliyekaa kitako akanisomea na kunitafsiria, na wenzake wawili wamesimama wanasikiliza. Lau ningejua nisingemwita.

Akasema mimi kwenye karatasi ni mshtakiwa. Akasema baba yake ameomba dua nne. Ya kwanza, Kadhi athibitishe kuwa talaka imepita na eda yangu imekwisha. Ya pili, anataka watoto wawekwe kizuizini. Hapo yule wa miaka mitano akaanza kulia, na huyo msomaji mwenyewe sauti ikamkatika. Ya tatu, nihame nyumba. Ya nne, nibebe gharama zote. Halafu kuna karatasi nyingine nyuma ambayo baba yao amekula kiapo. Nikauliza, kiapo cha nini? Isije ikawa tumesomewa Halbadiri na hatujui. Mwisho imeandikwa kuwa kesi itatajwa tarehe fulani, na nisipojibu itaendelea upande mmoja. Itatajwa wapi Ami, msikitini?

Nyumba yenyewe ni hizi zetu za Mombasa, kuta zetu, ardhi ya mwenyewe. Kodi ya kiwanja ndio mimi niilipayo miaka yote kwa pesa za mahamri, na risiti ninazo kwenye kopo la maziwa. Jirani asema nusu ni yangu kwa sheria. Mwengine asema mwanamke wa Kiislamu hana chake. Mwengine anambia nimuwahi niombe faskhi. Mimi sijui hata nimuwahi wapi.

La mwisho, hili halina uzito sana. Shemeji, ambaye ndiye wakili wa mume wangu, ameniletea karatasi nyingine. Hii afadhali, ni ya Kiswahili na nimeielewa. Yasema nimekubali kujivua kwa hiari yangu, nimesamehe mahari yangu, na baada ya hapo hatudaiani. Mahari yangu ilikuwa shilingi elfu sitini, nilipewa ishirini, arubaini ikabaki deni. Asema nikitia sahihi mambo yataisha bila kelele wala aibu. Nimechoka Ami. Hiyo nafikiri nitaitia sahihi Ijumaa. Bali hizi za Kiingereza ndizo zinazoninyima usingizi. Nieleze.

Mama Watatu, Majengo

*

Waaleikum salaam mwanangu,

Ile karatasi ya Kiswahili itie kabatini na ufunguo ukae nao wewe. Usiitie sahihi Ijumaa, wala Jumamosi. Nitakufikisha huko, lakini kwanza nikupe usingizi wako.

Miaka mingi nilisimama kando ya kizimba, si kwa kushtakiwa alhamdulillahi, bali nikiwa mkalimani wa mahakama. Kazi yangu ilikuwa kuchukua maneno ya kina bwana wakubwa nikayaweka kwenye masikio ya watu kama wewe. Nakwambia hivi, mwanao kamusi hakuikosea. Alichokosea ni mahali. Maneno ya mahakama ni kama maneno ya jikoni: ukisema "kuunga", mpishi anajua ni mchuzi na fundi wa vyuma anajua ni bomba.

Wewe si mshtakiwa. Mshtakiwa ni wa jinai, wa polisi na pingu. Kesi yako ni ya madai. Mume wako ndiye mlalamishi, kwa sababu ndiye aliyetangulia kufika masijala, na wewe ni mjibu madai, maana yake mtu anayengojewa aseme lake. Lau ungetangulia wewe, yeye ndiye angeandikwa hapo chini. Hakuna zaidi ya hapo.

Dua nne nazo! Nimecheka, nisamehe. Kwa Kiingereza neno la sala na neno la yale anayoyataka mtu mahakamani ni moja, na mwanao akachagua lile la msikitini. Sisi husema maombi. Ni orodha tu ya vitu ambavyo mlalamishi angependa Kadhi aamuru. Mtu anaweza kuomba hata mnara wa Ngome ya Yesu, na kuomba hakumpi.

Kiapo ni hati ya kiapo, ile watu huiita afidaviti. Mtu huandika maelezo yake, akaenda mbele ya kamishna wa viapo, akaapa kuwa ni kweli, akapigiwa muhuri. Hakuna Halbadiri ndani yake. Lakini usiipuuze, kwa sababu akiapa uongo hiyo ni kosa la jinai, na nitakuonyesha mahali ambapo mume wako, kwa maelezo yako, ameteleza. Na wewe pia utaapa ya kwako.

Kutajwa ni siku ambayo faili huitwa ili Kadhi aangalie imefika wapi: mjibu amepokea samansi, yaani wito wa mahakama? Amejibu? Kuna nafasi ya suluhu? Mashahidi hawasikilizwi siku hiyo. Siku ya kusikilizwa ni nyingine na hupangwa baadaye. Siku hizi kutajwa mara nyingi hufanyika kwa njia ya video, kwa hiyo uliza masijala kabla hujavaa buibui. Lakini nenda, au uwemo kwenye hiyo video. Ukikosekana bila kujibu, ndipo lile la upande mmoja linapokuja: Kadhi atamsikiliza aliyefika na kuamua kwa aliyoyasikia. Amri ya namna hiyo huweza kuombwa iondolewe ukiwa na sababu ya maana, ila ni kazi ya kupanda mnazi ambao dafu zake umekwisha kuziona chini. Kwenye samansi pameandikwa siku ulizopewa za kujibu. Kwa kuwa ulitia sahihi Jumatatu, hesabu imeshaanza.

Gharama ni ada na pesa za wakili. Katika kesi za mume na mke mahakama mara nyingi huamua kila mtu abebe mzigo wake. Tuliache hilo.

Sasa tuingie kwenye nyama. Mume wako ameapa kuwa eda yako, ule muda wa kungoja baada ya talaka, imekwisha. Wewe waniambia umeona siku zako mara mbili. Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi wetu hapa pwani, huhesabu eda ya mke anayepata hedhi kwa twahara tatu, yaani vipindi ambavyo hana damu. Kama ulikuwa twahara siku ujumbe ulipoingia, basi twahara ile ni ya kwanza, ya baina ya hedhi mbili ni ya pili, na hii uliyomo sasa ni ya tatu. Eda itakwisha ukiingia hedhi ya tatu. Mimi si sheikh, na Kadhi atakuuliza mwenyewe maswali haya bila haya, nawe mjibu bila haya. Lakini kwa hesabu hiyo uliyonipa, siku alipoapa eda haikuwa imekwisha.

Hilo si jambo dogo. Aliandika talaka moja. Talaka moja au mbili, ndoa ikiwa imeingiliwa, ni talaka rejea. Ndani ya eda anaweza kukurejea bila nikaha mpya, na kwa sababu hiyo bado una haki za mke: nafaka, yaani matumizi yako, na mahali pa kukaa. Eda ikipita hajakurejea, ndoa imekatika, na mkitaka kurudiana ni nikaha mpya na mahari mapya. Tatu ndio ile kubwa, ambayo huwezi kurudi kwake hadi uolewe na mume mwengine ndoa ya kweli, nayo iishe. Wewe hukuandikiwa tatu, kwa hiyo asikutishe mtu nayo.

Na yule anayetaka utoke nyumbani eda haijesha, mwambie asome Sura ya Talaka, aya ya kwanza. Wanaume wameamrishwa wasiwatoe wake zao majumbani mwao. Aya hiyo Kadhi anaijua kwa moyo. Sheria ya nchi nayo ina mlango wake: Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yasema ndoa ikiwa ingalipo, mwenzi mmoja hawezi kumfukuza mwenziwe kwenye nyumba ya ndoa bila amri ya mahakama.

Kuhusu talaka ya simu. Watu hubishana sana vibarazani: ni talaka au si talaka? Kwa Mashafi, talaka ya maandishi hutazamwa na nia ya mwandishi. Kadhi atamuuliza mume wako kama ndiye aliyeandika na kama alikusudia, na kwa kuwa amekuja mwenyewe mahakamani kuitaka ithibitishwe, sidhani ataruka. Wewe kazi yako ni moja. Ujumbe huo usiufute, hata ukiuona moyo unakupasuka. Ndani yake mna tarehe, mna neno "moja", na tarehe hiyo ndiyo inayohesabu eda.

Nafaka nimeitaja, nikupe na nduguye, muta. Usishtuke, si ile ndoa ya muda wanayosemana watu. Muta hii ni kitu anachopewa mke aliyeachwa pasi na kosa lake, kumliwaza, na kiasi chake Kadhi hutazama uwezo wa mume na urefu wa ndoa. Miaka kumi na saba si michache. Mahari iliyobaki, hiyo arubaini elfu, si zawadi wala hisani. Ni deni, kama deni la duka. Yote matatu, nafaka ya eda, muta na mahari iliyobaki, yaandike kwenye majibu yako kama madai yako wewe. Kazi ya mjibu si kujibu tu, anaruhusiwa kudai pia, na hayo husikilizwa katika kesi hiyo hiyo.

Faskhi aliyokwambia jirani ni jambo jingine. Hiyo ni pale mume hataki kuacha, na mke ana sababu: hapewi nafaka, anapigwa, mume ametokomea. Kadhi ndiye anayeivunja ndoa. Wako ameshaacha mwenyewe, uvunje nini?

Watoto. Neno lililomliza mdogo wako ni kastodi. Kwa polisi, kastodi ni rumande. Kwenye kesi ya ndoa ni ulezi, yaani mtoto alale nyumba gani na nani aamue ya shule na hospitali. Sheria ya Watoto ya 2022 hutenganisha mambo mawili, kukaa na mtoto kila siku, na kuwa na usemi juu ya maisha yake. Mahakama inaweza kukupa wewe la kwanza na la pili mkawa nalo nyote wawili. Asiyekaa na watoto hupewa haki ya kuwaona: wikendi, likizo, Idi. Kwa dereva wa safari ndefu ambaye wiki tatu yuko barabarani, swali la kwanza Kadhi au hakimu atakalomuuliza ni hili: ukiwa Malaba, huyu wa miaka mitano atalala na nani? Kaka yake Mtopanga hajaomba ulezi.

Fiqhi yetu ina neno lake, hadhana, na mama ndiye anayetangulia kwa mtoto mdogo. Mtoto akifika umri wa kupambanua, miaka saba au karibu yake, Mashafi humwuliza. Katiba, Kifungu cha 53, yasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu, na kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza, wawe wameoana au hawakuoana. Kwa hiyo matunzo hayafungamani na ulezi. Hata baba akinyimwa ulezi, karo na chakula vinamhusu. Hata akizuiwa kuwaona kwa mwezi mzima, vinamhusu.

Hapa nikwambie jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kadhi amepewa na Katiba, Kifungu cha 170, mamlaka ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale pande zote ni Waislamu na zimekubali kuhukumiwa naye. Juu ya ulezi na matunzo ya watoto, majaji wa Mahakama Kuu hawajawa na kauli moja kama yamo humo au hayamo. Makadhi huamua kesi hizo kila siku, na watu wengi huridhika. Lakini Mahakama ya Watoto, ambayo hakimu ndiye hukaa, mamlaka yake hayana mjadala. Mwambie atakayekusaidia kuandika majibu alifikirie hilo mapema, kabla hujatia guu ndani. Na afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako anaweza kuwaita nyote wawili na kuandika mapatano ya matunzo hata kabla ya kesi kusikilizwa.

Kwa matunzo, usiende na machozi, nenda na hesabu. Karo, nauli, unga, maji, dawa, viatu, kila kimoja na risiti yake. Toa taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima ionyeshe alichokuwa akituma na mwezi aliokata. Na amri ya matunzo haigandi. Hali ikibadilika, yake au yako, mahakama huweza kuibadilisha.

Nyumba. Majirani zako wote wawili wamekosea. Hilo kopo la maziwa lina thamani kuliko maneno yao. Nusu kwa nusu si ya moja kwa moja. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema wazi kuwa usawa wa mume na mke ulioko kwenye Katiba haumaanishi mali kukatwa katikati kila mara, bali kila mmoja apate kwa kadiri ya mchango wake, na mchango uthibitishwe. Lakini mchango kwa sheria ile ya 2013 si pesa peke yake. Kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara ya familia, hata huko kuwa mwenza wa mtu, vimetajwa. Sheria hiyo hiyo yasema Mwislamu anaweza kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Anaweza, haikusema lazima. Na hata ukifuata ya Kiislamu, mali ya mke ni ya mke, haiyeyuki kwa kuolewa. Pesa zako za mahamri zilizoingia kwenye nyumba ni zako, ukizionyesha.

Basi zionyeshe. Risiti za kodi ya kiwanja zipange kwa mwaka, zitoe nakala, asili zisitoke mkononi mwako. Mwenye ardhi au karani wake anayepokea kodi ni shahidi wako. Fundi aliyepaua, kama yu hai, ni shahidi. Kwa nyumba zetu hizi ambazo hazina hati ya ardhi, mtu aliyekuwa akilipa kiwanja ndiye huaminiwa kuwa alikuwa mwenye nyumba. Mimi nimeona kesi zikigeuka kwa daftari la kodi lililolowa maji ya mvua.

Sasa nifungulie kabati.

Umesema karatasi ya Kiswahili haina uzito kwa sababu umeielewa. Mwanangu, maneno yake umeyasoma, lakini yanachofanya hukukiona. "Kujivua" ni khului. Katika khului, mke ndiye anayetaka kuachwa, naye hutoa badali, yaani fidia, kwa kawaida mahari yake, ili afunguliwe. Ni haki yake, na wanawake wengi imewaokoa. Lakini wewe hukuomba kuachwa! Uliachwa, tena kwa maandishi, ukiwa unakanda unga. Ukitia sahihi hapo, mambo matatu yatageuka kwa kalamu moja. Talaka rejea itageuka bain, isiyo na marejeo ila kwa nikaha mpya, na nafaka ya eda itakuponyoka. Mahari iliyobaki, arubaini elfu, utakuwa umeisamehe. Na muta, ambayo ni ya aliyeachwa pasi na kosa, utaidai vipi na wewe mwenyewe umeandika kuwa ndiye uliyetaka kutoka?

Halafu "hatudaiani". Neno moja hilo limebeba nyumba, kopo la maziwa na miaka kumi na saba. Matunzo ya watoto halibebi, kwa sababu hayo ni haki ya mtoto na mzazi hawezi kuyasamehe kwa niaba yake. Lakini shemeji yako atakaa akikwambia limeyabeba, na ukichoka utamwamini.

Karatasi hiyo ikipelekwa kwa Kadhi na pande zote mbili zimeitia sahihi, huitwa makubaliano, na mahakama huyafanya kuwa amri yake. Kuyavunja baadaye si kama kukata rufaa kwenye hukumu. Hukumu ya Kadhi ukikosa kuridhika nayo waweza kwenda Mahakama Kuu ndani ya siku 30. Makubaliano ni mkataba, hayavunjwi ila uthibitishe ulidanganywa, ulilaghaiwa, au mlikosea nyote. "Nilikuwa nimechoka" haimo kwenye orodha hiyo. Nimewatafsiria wanawake waliosimama na kusema hivyo hivyo, kwa Kiswahili kizuri, nami nikakipeleka kwa Kiingereza kizuri, na haikusaidia.

Na huyo wakili. Wakili wa mahakama ni mtu aliyesomea sheria na ana leseni ya mwaka. Wakili tunayemjua sisi kwenye nikaha na talaka ni mtu yeyote ambaye mwanamume amempa kauli amsemee. Shemeji yako ni huyo wa pili. Mheshimu kama shemeji, mpe chai, lakini neno lake kuwa mambo yataisha bila kelele si neno la sheria. Akija Ijumaa mwambie, "Shemeji, karatasi nimeipokea, nitaijibu mbele ya Kadhi." Usigombane naye, na usimrudishie. Ni ushahidi mzuri kuwa walitaka uonekane ndiye uliyejivua, hali mume wako ameapa kuwa aliacha yeye. Kadhi akizitia karatasi hizo mbili pamoja mezani, atauliza.

Sikwambii usisuluhishe. Suluhu ni bora, na Kadhi mwenyewe huenda akawaomba mlete wazee, mmoja wa kwako na mmoja wa kwake, kama Sura ya Nisaa inavyoelekeza. Mkipatana kuachana, mpatane. Ila makubaliano yaandikwe na mtu anayejua unachokitoa na unachokipata, na kila kitu kiwe na jina lake na kiasi chake: mahari arubaini elfu, italipwa lini, nafaka ya eda shilingi ngapi, muta ngapi, nyumba vipi, watoto vipi. Khului isiwemo kama hukuitaka.

Kesho asubuhi, ukishamaliza mbaazi, chukua samansi, ile hati ya kiapo, cheti chako cha ndoa, simu yenye ujumbe, na karatasi ya shemeji. FIDA-Kenya wana ofisi hapa Mombasa, na Kituo cha Sheria pia. Wote huwasaidia wasio na uwezo wa kulipa wakili, na kazi za namna yako wanazijua. Mwambie atakayekupokea mambo mawili kwanza: samansi niliipokea Jumatatu, na eda yangu haijesha. Mengine yatafuata. Hata usipopata wakili, kwa Kadhi unaweza kusimama mwenyewe na kusema kwa Kiswahili. Kama kuna karatasi ya Kiingereza usiyoielewa, omba mkalimani. Ni haki yako, na kuna mtu analipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Mwishowe talaka ikithibitishwa, hakikisha unapewa cheti cha talaka na kwamba imepelekwa kwa msajili wa ndoa. Nimeona wanawake miaka kumi baadaye wakitafuta karatasi hiyo kwa sababu ya pasipoti, au mirathi, au mume mpya anayeulizia.

Na huyo mkalimani wako wa kidato cha tatu, mwite pembeni umwambie Ami amesema hakuna anayekwenda rumande, yeye wala wadogo zake. Mwambie pia Kiingereza chake ni kizuri. Lakini karatasi za kesi ya baba yake na mama yake asizisome tena, zitafutie mtu mzima.

Ami